Mapenzi Hayakuwaua

Kuna kauli moja imeenea mno miongoni mwa watengenezaji wa filamu wa Johannesburg, na imeshavuka mipaka hadi Nairobi na Dar es Salaam. Inasema kwamba hadithi kuu za mapenzi zinazoishia msibani ni za binadamu wote, hazina kwao, na kwa hiyo kumletea mtazamaji wa leo hadithi hizo ni kazi ya kubadilisha mavazi. Vua joho, vaa jinzi. Toa upanga, weka bastola. Verona igawanywe, nusu iwe Sandton ya matajiri na nusu Alexandra ya maskini, dansi ya ukoo wa Capulet igeuke usiku wa amapiano, na barua ya padre iwe ujumbe wa WhatsApp ambao haukufika kwa sababu bando lilikwisha. Mapenzi, wanasema, ni yale yale.

Naipinga kauli hii yote, bila kubakiza hata kipande. Katika tanzia ya mapenzi kuna maiti, na palipo na maiti pana swali ambalo mwandishi hana ruhusa ya kulikwepa: nani amewaua? Anayesema mapenzi ni yale yale popote ameshajibu, na jibu lake ni baya kuliko yote. Ameyasingizia mapenzi. Vijana walipendana kupita kiasi, wakafa, basi. Hakuna wa kushtakiwa.

Shakespeare hakuandika hivyo. Romeo na Juliet inaanza na watumishi wa koo mbili wakitafutana ugomvi barabarani; wapenzi wanakuja baadaye. Barua ya kumjulisha Romeo kwamba Juliet amelala tu, hajafa, inakwama kwa sababu mtawa aliyetumwa kuipeleka alifungiwa ndani ya nyumba na wakaguzi walioogopa tauni. Na wapenzi wakishalala kaburini mchezo hauishi. Mtawala wa Verona anafika, anawahoji mashahidi mmoja mmoja, padre, mtumishi wa Romeo, mtumishi wa Paris aliyemposa Juliet, kisha anawageukia wazee wa koo zote mbili na kuwaonyesha matunda ya chuki yao. Anajitia na yeye mwenyewe katika hesabu ya wakosaji, kwa kuwa aliuona ugomvi akaufumbia macho. Uchunguzi huo ndio unaokatwa kwanza filamu ikionekana ndefu. Zeffirelli aliupunguza sana mwaka 1968, na Luhrmann akafanya vivyo hivyo mwaka 1996. Watazamaji wa vizazi viwili wametoka sinemani wakilia bila kujua kwamba mchezo ule ulikuwa na kesi ndani yake.

Waliosema turudishe hadithi kwa Waingereza na kutafuta zetu nawaheshimu, lakini siungani nao pia. Hadithi hiyo Shakespeare aliikuta katika utenzi wa Arthur Brooke wa mwaka 1562, naye Brooke alikuwa ameichukua kwa Waitaliano kupitia Wafaransa. Imekuwa ikihama nyumba muda wote. Kinachonisumbua ni ile hali ya kuihamisha na kumwacha muuaji alikotoka.

Johannesburg yenyewe ilishatoa jibu mwaka 1987. Janet Suzman, mzaliwa wa mji huo aliyejijengea jina Uingereza, alirudi kuongoza Othello katika Market Theatre, pale Newtown, ndani ya jengo lililokuwa soko la matunda la Wahindi. John Kani alikuwa Othello, Joanna Weinberg akawa Desdemona, na Iago, mfitini anayewaangamiza, aliigizwa na Richard Haddon Haines. Mchezo ule ulirekodiwa kwa ajili ya televisheni na mpaka leo unatazamika. Ukiutazama utaona mavazi ni ya kizamani na maneno ni ya Shakespeare. Hakuna jinzi wala bastola. Hata hivyo sijaona tanzia ya mapenzi iliyokuwa ya leo kuliko ile, kwa siku ile na mahali pale. Kani anaushika uso wa Weinberg, anamkumbatia, anambusu, mtu mweusi na mwanamke mweupe mbele ya hadhira ya Johannesburg wakati nchi iko katika hali ya hatari. Sheria ya mwaka 1949 iliyokataza ndoa za mchanganyiko ilikuwa imefutwa miaka miwili tu nyuma, mwaka 1985. Sheria ya maeneo, ile ya kuamua nani akae mtaa gani kwa rangi yake, ilikuwa ingalipo na ingeendelea hadi 1991. Yaani Othello na Desdemona wangeweza kuoana kihalali na bado wakakosa mtaa wa kupanga nyumba. Kuna watu weupe waliosimama na kutoka ukumbini. Walitoka kwa sababu walimtambua Iago. Hakuhitaji kuvalishwa sare ya polisi.

Huo ni ushahidi wangu wa kwanza dhidi ya wabadilisha mavazi. Usasa haumo kwenye kabati la nguo. Umo katika kujua ni mkono gani, katika mji huu, unaowatenganisha watu hawa wawili.

Watasema: lakini huo ni ubaguzi wa rangi, jambo la pekee, kwingine ni ukabila, na ukabila ni chuki ya asili isiyohitaji maelezo. Hapa nataka twende polepole, maana ndipo uongo ulipojificha. Sol Plaatje, Mtswana, mwandishi na mwanasiasa aliyefariki Pimville, Johannesburg, mwaka 1932, aliandika mwaka 1916 insha fupi kwa ajili ya kitabu cha kuadhimisha miaka 300 tangu Shakespeare afariki. Humo anasimulia uchumba wake na Elizabeth M'belle, binti aliyezungumza Kixhosa. Kixhosa cha Plaatje kilikuwa bado kidogo, kwa hiyo waliandikiana barua kwa Kiingereza, na anakiri kwamba wote wawili walikuwa wameisoma Romeo na Juliet. Ndugu zake waliona aibu aoe msichana ambaye lugha yake ina vidoko. Ndugu wa Elizabeth nao waliona aibu kumtoa binti yao kwa mtu ambaye lugha yake haina hata kidoko kimoja. Koo mbili hizo hapo, kiburi pande zote, na vijana katikati. Walioana mwaka 1898. Plaatje mwenyewe anaeleza kilichowaepusha na maziko ya watu wawili: sheria za Koloni la Rasi ziliwaruhusu kuoana bila ridhaa ya wazee. Wale ndugu waliokataa walikuja kuwabariki wajukuu.

Soma tena kisa hicho uhesabu. Tofauti ya lugha ilikuwepo. Dharau za ukoo zilikuwepo. Mapenzi yalikuwepo, na hakufa mtu. Kwa hiyo anayeniambia kwamba lugha mbili na mioyo miwili vikikutana lazima damu imwagike, anieleze Plaatje na Elizabeth wake walinusurikaje. Walinusurika kwa sababu kulikuwa na sheria iliyowafungulia mlango, na hakuna aliyekuwa akigawa silaha.

Sasa twende Thokoza, mashariki ya Johannesburg, mwaka 1993. Kando ya Barabara ya Khumalo zilisimama hosteli za wanaume, zilizojengwa ili migodi na viwanda vipate nguvu kazi bila wake na watoto. Wengi wa waliozijaza walitoka KwaZulu. Ng'ambo ya barabara, nyumba za familia. Kuanzia 1990 hadi uchaguzi wa 1994 wakazi wa hosteli na wa nyumba zile waliuana, na vitongoji vya Katlehong na Vosloorus vikaingia humo humo. Magazeti ya dunia yaliandika: Wazulu na Waxhosa, chuki ya kale. Lakini Julai 1991 gazeti la Weekly Mail lilifichua kwamba polisi wa usalama walikuwa wakikifadhili kwa siri chama cha Inkatha, kilichokuwa na nguvu katika hosteli zile, na baadaye Tume ya Ukweli na Maridhiano ilieleza ushiriki wa vyombo vya dola katika umwagaji damu wa miaka ile. Mtawala wa Thokoza hakufumba macho tu. Alitoa fedha.

Katika mwaka huo na mtaa huo ndipo Minky Schlesinger alipoiweka filamu yake uGugu no Andile, iliyotoka mwaka 2008 katika mfululizo wa shirika la utangazaji la SABC wa tamthilia za Shakespeare zilizopandwa katika ardhi ya Afrika Kusini. Gugu ni binti wa Kizulu wa miaka 16, Andile kijana wa Kixhosa wa miaka 18. Angalia alichofanya mwongozaji. Shirika linataka hadithi kwa vijana wa 2008, vijana wenye simu mfukoni, naye anairudisha nyuma miaka 15. Kwa wafuasi wa kauli ninayoipinga hilo ni kosa la biashara. Kwangu ndiyo hatua sahihi kuliko zote, kwa sababu Thokoza ya 1993 hailazimiki kubuni sababu ya barua kutofika. Hakuna haja ya tauni. Kuvuka Barabara ya Khumalo kunatosha. Na mzee aliyeketi sebuleni Katlehong akiitazama filamu ile na mjukuu wake ana la kumweleza, kwa sababu mashahidi wako hai na mnara wenye majina ya waliouawa umesimama kwenye barabara hiyo hiyo.

Kinachonikera ni muhtasari unaosambazwa kuihusu: mapenzi ya Mzulu na Mxhosa, wapenzi wa makabila hasimu. Ni muhtasari wa mtu asiyetaka kuuliza hosteli zile alizijenga nani na kwa nini wanaume wale hawakuruhusiwa kuishi na wake zao. Kabla Gugu hajakutana na Andile, sera ilikuwa imeshazivunja ndoa za maelfu ya wazazi wa watu kama wao. Filamu yoyote ya baadaye itakayoingia Thokoza na kurudi na neno "kabila" peke yake itakuwa imeliazima kutoka kwa watu walewale waliokuwa wakilipa.

Mfano wa kinyume ni filamu ya Tsotsi, na nautaja ingawa si hadithi ya mapenzi ya mume na mke, kwa sababu ni kazi ya Johannesburg iliyosifiwa kuliko zote katika sanaa hii ya kuhuisha. Riwaya ya Athol Fugard iliyoizaa, iliyochapishwa mwaka 1980, imewekwa Sophiatown ya miaka ya 1950, wakati serikali inawahamisha watu kwa nguvu kwenda Meadowlands. Uhamisho ulianza tarehe 9 Februari 1955, na juu ya kifusi ukajengwa mtaa wa weupe ulioitwa Triomf. Mwishoni mwa riwaya jambazi kijana anakimbilia gofu alikomficha mtoto mchanga, tingatinga zimeshafika, na ukuta unamwangukia. Gavin Hood alipotengeneza filamu yake ya mwaka 2005 aliihamishia Soweto ya leo. Tingatinga likatoweka, ukuta nao. Kijana anamrudisha mtoto kwa wazazi wake na kuinua mikono mbele ya polisi. Filamu ile ni nzuri, nimeilia, na Oscar ya 2006 ilistahili. Hood aliona kitu cha kweli pia, kwamba leo ukuta wa Johannesburg una geti la umeme na ndani yake kuna familia nyeusi tajiri. Lakini muuaji wa riwaya, ambaye ni serikali iliyokuwa ikiendesha tingatinga, ameachiwa huru, na mahali pake amewekwa kijana mwenye dhambi zake binafsi anayetakiwa kutubu. Kwa bei hiyo ndipo hadithi ikawa ya leo.

Najua jibu lao lenye nguvu zaidi, na sitalipita kwa kasi. Wanasema mtazamaji amelipa nauli na tiketi apate mapenzi, hakuja kupewa somo la historia. Kijana wa Soweto aliyezaliwa baada ya 1994 amechoka kuambiwa habari za Makaburu. Siasa ikiingia chumbani mapenzi yanatoka dirishani. Ni kweli kuna filamu zinazohubiri, nazo zinachosha. Lakini hakuna aliyeomba mahubiri. Othello ya Kani haikuwa na sentensi hata moja ya maelezo. Kumjua muuaji humsaidia mwandishi kuandika mapenzi yenyewe, kwa sababu watu wanaoishi chini ya kitisho wanapenda kwa namna maalumu: wanachagua saa za kuonana, wanajifunza njia za kuzunguka, wanasema uongo mdogo mdogo nyumbani, wanashikana mikono chini ya meza. Ukiondoa kitisho, unabaki na vijana wawili wazuri wanaotazamana kwa dakika 90, na ndiyo maana filamu nyingi za aina hii zinajazwa nyimbo.

Opera ya Carmen inalionyesha hili kuliko zote. Katika magazeti yetu ya Kiswahili mwanamke akiuawa na mwanamume aliyeachwa, kichwa cha habari huwa tayari: chanzo ni wivu wa mapenzi. Bizet naye, mwaka 1875, alimpa José, mwanamume aliyeachwa na Carmen, muziki wa kututoa machozi huku ameshika kisu. U-Carmen eKhayelitsha ya Mark Dornford-May, iliyotwaa Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2005, iliimbwa yote kwa Kixhosa na ikampa Pauline Malefane nafasi ya Carmen mwenye mwili, kazi na majirani. Mwanamume wake ni polisi. Nchini Afrika Kusini, ambako Septemba 2019 wanawake waliandamana hadi Soko la Hisa pale Sandton kudai wasiendelee kuuawa, Carmen haiwezi tena kutazamwa kama msiba wa mwanamume aliyependa mno. Aliyemwua anajulikana, ana bunduki ya serikali na anajua kituo hakitamgusa. Atakayeitengeneza upya Johannesburg leo akituomba tumlilie José, filamu yake itakuwa kuukuu siku ya kwanza, hata kama imepigwa picha kwa kamera ya jana.

Nisieleweke kwamba nang'ang'ania kifo. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2018, ina mabinti wawili wa Nairobi wanaopendana, Kena na Ziki, ambao baba zao wanagombea kiti kimoja cha udiwani. Koo mbili za Verona zimepata kadi za vyama. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku Aprili mwaka huo, na Kahiu amesema hadharani kwamba alitakiwa abadili mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Septemba Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku 7. Wenye mamlaka walitaka tanzia, na mwongozaji akawanyima. Yeye alikuwa amelijibu swali la nani anaua, tena kwa uwazi, na kwa sababu alilijua jibu aliweza kuamua mabinti wake waishi. Mwandishi asiyelijua hana uamuzi wowote mkononi. Wapenzi wake watakufa kwa ajali, au watapona kwa bahati.

Hadithi inayosubiri kuandikwa Johannesburg sasa hivi iko Yeoville, kwenye Barabara ya Rockey, ambako akina mama kutoka Kivu na Katanga wanapanga sombe na samaki wakavu sokoni na Kiswahili kinasikika kutoka kibanda hadi kibanda. Kijana wa Kigoma au wa Bukavu, na binti wa Alexandra. Wape simu zenye chaji na bando la mwezi mzima, waongee usiku kucha, haitawasaidia. Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Alexandra na yakaua watu 62, kati yao 21 wakiwa Waafrika Kusini wenyewe, na makundi yaliwasimamisha watu njiani na kuwataka wataje kiwiko kwa Kizulu. Binti yule atamfundisha mpenzi wake neno hilo kitandani, akimgusa kiwiko, akimrekebisha matamshi mpaka yakae sawa, na mtazamaji yeyote wa Johannesburg atajua anamfundisha nini. Kisha waende kuandikisha ndoa. Mgeni anayetaka kumwoa raia huhojiwa kwanza na afisa wa uhamiaji, yeye na mchumba wake, ili kuthibitisha kwamba hawanunui makaratasi. Kibali chake cha hifadhi ni cha muda, na ofisi ya wakimbizi ya Crown Mines ilifungwa mwaka 2011, hivyo shauri lake liko Pretoria.

Afisa yule asiandikwe kama shetani. Apewe jina, deni la nyumba, mkubwa anayemdai idadi ya mafaili aliyokataa, na mbunge anayemsifia mkubwa huyo kwenye mkutano wa hadhara. Padre wa Verona apatikane kanisani Hillbrow, mwenye huruma na haraka nyingi. Ndugu wa binti wasiwe wakatili. Wawe watu wasio na kazi walioambiwa, na mtu anayeeleweka, kwamba kazi yao ameichukua kijana huyu. Na baada ya hayo yote, kama wapenzi wameuawa au wamepanda basi usiku kuelekea mpaka wa Beitbridge, filamu isizime taa. Waitwe mashahidi. Aulizwe afisa, aulizwe padre, aulizwe mbunge, kila mmoja kwa zamu yake na uso wake ukijaa kioo kizima, na mtayarishaji atakayelalamika kwamba dakika hizo kumi zinapunguza mauzo apunguze usiku wa amapiano.